Nyumba ya Pili Kando ya Mto: Ya Nani, na kwa Jasho la Nani?



Katika kurasa hizi tumezoea kuzungumza juu ya mshahara, saa za kazi na likizo. Leo twapenda kuzungumza juu ya nyumba. Hatusemi juu ya chumba anacholala mfanyakazi baada ya kazi. Twasema juu ya nyumba ya pili, ile anayotaka kuinunua au kuijenga mahali penye wageni, ili impatie kodi siku ambayo mgongo wake utakuwa umechoka. Swali hili tuliulizwa na wenzetu wa bandari ya Juba, Sudan Kusini, nasi tukaona kwamba jibu lake linawahusu pia ninyi mlio viwandani na mashambani.

Wengi wenu hamjafika Juba, lakini kazi ya mikono yenu imefika. Mfuko wa saruji uliofungwa Tororo na gunia la sukari lililojazwa Kakira huvuka mpaka Nimule, husafiri kilomita 192 za barabara ya lami iliyomalizika mwaka 2012, na mwisho hushushwa kando ya Mto Naili. Hapo ndipo makuli wa bandari wanapolipokea. Hakuna winchi kubwa kama za Kilindini. Mtu huinama, gunia hutua mgongoni, naye hupita juu ya ubao mwembamba hadi ndani ya tishari linalongoja kushuka Bor na Malakal. Ukiteleza, unaanguka wewe na gunia, na gunia utalilipa.

Makuli hao ni watu wa nchi nyingi. Wapo wenyeji wa Sudan Kusini, wapo wa Uganda, wapo wa Kongo, na wapo wachache wa Kenya waliokuja zamani wakiwa utingo wa malori wakabaki. Kati yao husemwa Kiarabu cha Juba na Kiswahili, na mara nyingi vyote viwili katika sentensi moja. Wanalipwa kwa siku. Kibarua wa siku hana pensheni, wala hana barua ya kazi ya kumwonyesha mtu.

JINSI SWALI LILIVYOANZA

Makuli 11 walikuwa na mchezo wa kuchanga fedha. Kila Jumamosi jioni kila mmoja aliweka fungu lake kwa mweka hazina, na daftari liliandikwa. Mkubwa wao kwa umri ni mzee mmoja aliyebeba magunia tangu ujana wake. Siku hizi huinuka kwa kushika goti. Yeye ndiye aliyeleta habari kwamba dalali mmoja anauza kiwanja ng'ambo ya mto, karibu na maji.

Maneno ya dalali yalikuwa matamu. Alisema daraja jipya lililofunguliwa mwaka 2022 limeufanya upande ule kuwa mjini. Alisema wageni watarudi kwa wingi, hoteli zitapanda kando ya mto kama zamani, na mtu mwenye vyumba vinne tu vyenye feni na choo safi atakula dola bila kubeba gunia. Makuli wakatoa arubuni. Dalali akawapa hadi Jumamosi ya pili kuleta fedha zilizobaki, la sivyo kiwanja kitakwenda kwa mwingine.

Sisi tulikuwa Juba kwa kazi ya chama siku zile. Mzee akatujia pale penye vibanda vya chai akasema, "Ndugu zangu, ninyi mmesoma kidogo kuliko mimi. Niambieni kama nyumba hii ni yetu au si yetu." Hatukutaka kumjibu kwa haraka. Haraka haraka haina baraka, na fedha za watu 11 si jambo la kusema tu mradi tumesema. Tulikaa nao jioni 3, na haya ndiyo tuliyozungumza.

WENYE NYUMBA ZA PILI DUNIANI

Kwanza tuliulizana: nyumba ya pili ni kitu gani? Katika nchi za baridi iko miji iliyo milimani ambako theluji huanguka kwa miezi kadhaa. Watu wenye fedha huenda huko kuteleza juu ya theluji, wamefungwa mbao ndefu miguuni. Ni mchezo wao, kama sisi tunavyokwenda kutazama mpira. Miji hiyo ni kama Aspen katika jimbo la Colorado nchini Marekani, Whistler nchini Kanada, na Verbier nchini Uswisi. Tajiri hapangi chumba huko. Hununua nyumba nzima, akaja majuma machache kwa mwaka, kisha akafunga mlango akaenda zake. Watu wa milima ile wana jina la nyumba hizo. Huziita vitanda baridi, kwa kuwa sehemu kubwa ya mwaka hakuna anayevilalia.

Makuli walicheka sana kusikia hivyo. Kisha mmoja akauliza swali la mfanyakazi hasa: "Na anayefagia nyumba ile analala wapi?"

Hilo ndilo jambo lenyewe. Tajiri mmoja akinunua, bei hupanda. Wakinunua 100, mpishi, dereva wa basi na mwalimu wa shule hawawezi tena kupanga hata chumba kimoja. Wafanyakazi wengi wa Aspen hulala miji ya chini, kama Glenwood Springs, zaidi ya kilomita 60 kutoka kazini, nao hupanda basi alfajiri wakati wa theluji. Mji uliwahitaji, lakini haukuwaachia mahali pa kulala.

Huku kwetu tunasema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Katika miji ile mgeni alikuja, mwenyeji akahama.

Lakini ndugu zangu, wafanyakazi na wananchi wa huko hawakukaa kimya. Uswisi walipiga kura ya maoni tarehe 11 Machi 2012, wakaamua kwamba katika kila wilaya ndogo nyumba za pili zisizidi asilimia 20 ya nyumba zote. Kura zilikaribiana sana, kwa kuwa mafundi wa ujenzi waliogopa kukosa kazi, lakini waliokubali walishinda. Whistler waliunda mamlaka ya nyumba za wafanyakazi mwaka 1997, wakaweka lengo kwamba wafanyakazi 3 kati ya kila 4 walale mjini humo humo. Aspen nako iko mamlaka yenye nyumba zipatazo 3,000 ambazo haziuzwi kwa bei ya soko. Lazima mwenye kukaa awe mtu anayefanya kazi pale.

Na iko habari ya karibuni zaidi. Mwishoni mwa Desemba 2024, katika mji wa Park City, jimbo la Utah, walinzi wa milima ya theluji wapatao 200 waligoma kupitia chama chao. Hao ndio wanaowaokoa walioumia na kuzuia maporomoko. Walisema mshahara wao hauwezi kulipia maisha katika mji wa matajiri. Walidai mshahara wa kuanzia upande kutoka dola 21 hadi dola 23 kwa saa. Waligoma karibu majuma mawili, katika siku zile zile ambazo wageni ni wengi kuliko siku zote. Wakapata.

Msiseme hiyo ni habari ya Wazungu. Makuli na vibarua wa Mombasa waligoma mwaka 1939 na tena Januari 1947, na suala la nyumba lilikuwamo katika malalamiko yao. Walikuwa wakibanana katika vyumba vya mji huku utajiri wa nchi nzima ukipita mikononi mwao. Babu zetu walijua zamani kwamba mshahara na nyumba ni mapacha.

Hata leo, tazameni pwani yetu. Malindi na Watamu zina majumba ya kifahari ya watu wa Ulaya, hasa Wataliani. Kule Shela, kisiwani Lamu, nyumba za mawe za wenyeji zilinunuliwa na wageni, zikatengenezwa vizuri sana, na nyingi hufungwa sehemu ya mwaka. Aliyeuza alipata fedha mara moja. Mwanawe leo anaweza kuwa mlinzi wa lango la nyumba aliyozaliwa babu yake. Hatumlaumu aliyeuza, kwa sababu njaa haina subira. Tunasema tu kwamba biashara ya nyumba za wageni ina watu wawili, yule anayelala na yule anayelinda, nasi mara nyingi tumekuwa yule wa pili.

JUBA NAYO ILIKUWA NA SIKU ZAKE

Jioni ya pili tulirudi kwenye mto wetu. Dalali alikuwa amesema "kama zamani". Tukamwomba mzee asimulie hiyo zamani, maana yeye aliiona.

Mkataba wa amani ulitiwa sahihi Nairobi tarehe 9 Januari 2005. Baada ya hapo mashirika, wajenzi na wafanyabiashara waliingia Juba kwa wingi, na mji haukuwa na nyumba za kuwatosha. Kando ya mto kulipandwa kambi za mahema, na hema moja lilikodishwa kwa zaidi ya dola 100 kwa usiku mmoja. Mzee alibeba vitanda vya mahema yale kutoka kwenye malori. Anakumbuka kwamba siku moja alijumlisha, akaona kitanda alichokibeba kinalala kwa fedha ambazo yeye hakuzipata kwa mwezi.

Bei ya viwanja ikapaa. Wale waliokuwa wakikaa kwenye vibanda mahali pasipopimwa hawakusalimika. Mwaka 2009 maelfu ya watu wa Juba walibomolewa makazi yao ili kupisha mpango wa mji. Hivyo basi, bei nzuri ya kiwanja ni habari njema kwa mwenye hati tu. Kwa asiye na hati ni habari ya tingatinga.

Uhuru ulipatikana tarehe 9 Julai 2011, na matumaini yakazidi. Lakini mwaka 2012 mafuta yalisimamishwa kwa sababu ya ugomvi na Sudan, na Desemba 2013 vita vikaanza. Wageni wengi waliondoka. Desemba 2015 serikali iliiachia pauni ijitafutie bei. Dola moja iliyokuwa kwa bei ya serikali pauni 2.96 ikawa pauni 18 na nusu hivi. Tulilipiga hesabu hili na makuli kwenye mchanga kwa kijiti. Aliyekuwa na akiba ya pauni 3,000 alikuwa na dola zipatazo 1,000. Alipoamka alikuwa na dola 160 hivi. Hakuibiwa na mtu, wala hakucheza kamari. Kisha Julai 2016 mapigano yakatokea tena mjini, na wageni waliokuwa wamebaki wakapungua zaidi.

Mzee alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Basi mgeni wa kulala ni kama mvua. Huwezi kujenga nyumba kwa kuitegemea mvua."

Sisi tuliongeza jambo moja ambalo mfanyakazi wa mtoni hahitaji kufundishwa. Mto nao una haki yake. Mwaka 2020 Ziwa Victoria lilijaa kupita hata kile kiasi kilichoandikwa mwaka 1964, na maji ya ziwa hilo ndiyo hayo yanayopita mbele ya bandari ya Juba. Kiwanja kinachosifiwa kuwa karibu na maji kitazamwe wakati wa mvua, si wakati wa kiangazi.

SHERIA INASEMAJE

Jioni ya tatu tulizungumza juu ya sheria. Wengi wetu hatukwenda shule sana, lakini sheria ya ardhi si lazima uwe wakili ili uelewe mizizi yake.

Katika Sudan Kusini, Sheria ya Ardhi ya mwaka 2009 na Katiba ya Mpito ya mwaka 2011 zinasema ardhi ni mali ya wananchi, na serikali husimamia matumizi yake. Iko ardhi ya umma, iko ardhi ya jamii, na iko ardhi ya watu binafsi. Mgeni hawezi kuimiliki. Anaweza kukodishwa tu kwa muda uliowekwa. Viwanja vya mji hupangwa kwa madaraja, la 1, la 2 na la 3, na kila daraja lina masharti yake. Na kwa kuwa Juba imezungukwa na ardhi ya jamii ya Wabari, kiwanja kilicho nje ya sehemu iliyopimwa kina wenyewe, yaani wazee na machifu, ambao wasipoulizwa leo watauliza kesho.

Nchi nyingine za jirani haziko mbali na hapo. Kenya, Katiba ya mwaka 2010 inampa mgeni hati ya kukodi isiyozidi miaka 99. Uganda, Katiba ya mwaka 1995 nayo inamruhusu mgeni kukodi tu. Kwa hiyo Mganda akiwa Juba ni mgeni, na Msudan Kusini akiwa Kampala ni mgeni. Hakuna wa kumcheka mwenzake.

Sasa tazameni hali ya makuli wetu. Kati ya watu 11, walikuwapo wananchi wa Sudan Kusini na wageni pamoja. Walikuwa wamekubaliana kwamba kiwanja kiandikwe jina la mwananchi mmoja, naye awatunzie wenzake. Ni kijana mwaminifu, na hatusemi neno baya juu yake. Lakini tuliuliza mbele yake, naye hakukasirika: ukifa, nduguzo watawajua hawa 10? Mke wako atawajua? Katiba ile ile inampa mwanamke haki ya kumiliki mali na kupata sehemu katika urithi wa mumewe. Ni haki njema, nasi tunaiunga mkono. Atakapoidai, naye atakuwa na haki, na wale 10 hawatakuwa na karatasi. Mali bila daftari hupotea bila habari. Daftari la mchezo lilikuwa limeandika nani kachanga. Halikuandika nani ana nini katika kiwanja.

TULIVYOKWENDA KUULIZA

Siku ya nne tulifuatana na makuli 4 kwenda kuuliza habari za kiwanja chenyewe. Dalali alikuwa amewapa mchoro wenye namba na muhuri. Tuliutoa mchoro. Namba ile ilikuwapo kweli, lakini ilikuwa ya kiwanja kilicho mtaa mwingine kabisa, mbali na mto, chenye mwenyewe anayekaa hapo.

Turudi kwa dalali? Simu yake ilikuwa imefungwa. Banda alilokuwa akikaa lilikuwa na mtu mwingine anayeuza kadi za simu. Arubuni imekwenda, na hadi tunaandika haya haijarudi. Fedha zilizobaki zimepona, kwa sababu tu Jumamosi haikuwa imefika.

Hatuandiki haya kwa kujiona wajanja. Sisi wenyewe katika uongozi tuliwahi kushikwa. Mwaka 2012 wenzetu wawili walinunua viwanja katika kampuni moja ya kuuza ardhi huko nyumbani. Walipewa risiti nzuri na chakula cha mchana. Walipokwenda kuweka nguzo walikuta nguzo za watu wengine watatu, nao wote wana risiti nzuri. Wakati ule tulikuwa tukiwafundisha wanachama juu ya mikataba ya kazi, na sisi hatukuusoma mkataba wetu. Aibu ile ndiyo iliyotufundisha kuuliza.

MASWALI YA KUULIZA KABLA YA KUTOA FEDHA

Kwa hiyo twawaomba ninyi nyote, mlio Juba, mlio Kericho, mlio Jinja, mlio Tanga, kabla ya kununua kiwanja au nyumba ya pili mahali popote penye wageni, muulize haya:

1. Je, sheria inaniruhusu mimi, kwa uraia wangu, kumiliki au kukodi? Kama ni kukodi, ni kwa miaka mingapi, na ikiisha nani anabaki na jengo?

2. Je, namba ya kiwanja imetazamwe ofisini na mimi mwenyewe, au nimeonyeshwa karatasi na muuzaji tu?

3. Je, majirani na wazee wa mahali wanamjua muuzaji? Nenda bila yeye. Keti, kunywa chai, uliza.

4. Je, jina langu limeandikwa? Na mke au mume wangu anajua karatasi iko wapi? Kama tu wengi, fungu la kila mmoja limeandikwa na kushuhudiwa?

5. Je, mgeni asipokuja mwaka mzima, nitaweza kuishi bila kodi ile? Kama jibu ni hapana, hiyo si akiba. Ni kamari.

Anayekuharakisha usiulize maswali haya, huyo amekwisha kujijibu mwenyewe.

NYUMBA MBILI ZA MFANYAKAZI

Liko jambo jingine lililotokea katika mazungumzo yale, nalo lilitugusa kuliko yote. Kuli mmoja wa Arua alisema, "Lakini mimi tayari nina nyumba mbili." Wenzake wakamtazama. Akaeleza kwamba Juba anapanga nusu ya chumba pamoja na mwenziwe, mmoja hulala zamu ya mchana na mwingine usiku. Na kwao kijijini ana nyumba ya matofali aliyoianza miaka 9 iliyopita. Kuta zimesimama hadi kwenye madirisha. Paa hakuna. Mkewe na watoto wanakaa kwa babu.

Kila mtu alinyamaza, maana kila mmoja alikuwa na nyumba kama ile. Na ninyi wa mashamba ya chai na viwanda vya nguo mnajijua. Tajiri ana nyumba ya pili anayoilalia majuma machache kwa mwaka. Mfanyakazi naye anayo ya namna hiyo hiyo, ila yeye analala majuma machache katika nyumba aliyoijenga kwa ajili ya kukaa na watoto wake. Kitanda baridi kiko Verbier, na kiko kijijini kwetu pia. Tofauti ni kwamba kile cha Verbier kina paa.

Ndiyo maana jibu letu kwa mzee lilikuwa hili: nyumba ya pili si dhambi, na mfanyakazi ana haki ya kupata kodi kama mtu mwingine. Lakini imalizike kwanza ile ya kwanza. Asiingize jasho la miaka katika kitanda cha mgeni wakati mtoto wake hana paa.

Na kama watu wanataka kujenga pamoja, iko njia ya wazi. Kenya kuna umoja wa vyama vya ushirika wa nyumba, NACHU, ulioanzishwa mwaka 1979. Viko vyama vya akiba na mikopo viwandani na mashambani, vyenye kanuni, wakaguzi na mikutano ya wanachama. Njia hiyo ni ya polepole, na mikutano yake inachosha. Lakini mweka hazina wake hawezi kufunga simu akatoweka bila kuulizwa na mkutano mzima. Haba na haba hujaza kibaba.

WAJIBU WA CHAMA

Tungekuwa waongo kama tungewaachia wafanyakazi maonyo peke yake. Mzee yule hakwenda kwa dalali kwa sababu ya tamaa. Alikwenda kwa sababu baada ya maelfu ya magunia hana kitu cha kumlisha uzeeni. Mtu mwenye pensheni hasukumwi na maneno ya dalali kirahisi. Hivyo basi chama kina wajibu wake: kudai kwamba kibarua wa siku aandikwe, alipiwe akiba ya uzeeni, na pale mji unapojenga mahoteli kando ya bandari, iwekwe pia sehemu ya makazi ya wale wanaobeba saruji ya mahoteli hayo. Kama Whistler wameweza kuweka lengo la namna hiyo, kudai kwetu si kuota ndoto.

Kabla hatujaondoka Juba, makuli 11 walifanya mkutano wao. Waligawana fedha zilizobaki kwa mujibu wa daftari, bila ugomvi. Wananchi 3 kati yao waliamua kuomba viwanja vya kawaida kwa njia ya chifu na ofisi, kila mmoja kwa jina lake na la mkewe. Yule wa Arua alinunua mabati, akayapakia juu ya lori lililokuwa likirudi tupu Nimule. Mchezo wa Jumamosi unaendelea, na daftari lina ukurasa mpya.

Mzee yeye bado hajaamua. Tulimwacha ameketi juu ya gunia, akitazama ng'ambo ya mto. Alituambia, "Andikeni, wengine wasome. Arubuni yangu imewalipia karo." Basi tumeandika, ndugu wafanyakazi. Karo imekwisha kulipwa. Someni.

Umoja ni nguvu.